Barua ya wazi: Ugonjwa wa maisha yote hautafitiwi kwa miradi ya miaka mitatu

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za afya ya akili, maabara na utafiti wa tiba,
Kampala, Uganda.

Waheshimiwa,

YAH: LITHIAMU BILA KIPIMO, DODOSO LISILOULIZA MANIA, NA MIRADI INAYOFUNGA MLANGO NA KUONDOKA

Tunawasalimu kwa heshima inayostahili nafasi zenu. Sisi ni matabibu wa afya ya akili, wauguzi, wafamasia, watu wa maabara na wasaidizi wa utafiti tunaohudumia wagonjwa wa sonona na wa baipola (ugonjwa unaompandisha mtu kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, kisha kumshusha kwenye sonona) katika hospitali za rufaa na vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne. Haya tunayoyaandika tuliyapeleka kwanza kwa njia ya kawaida: kwenye ripoti za robo mwaka, kwenye vikao, na kwa barua zilizogongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri tuliupata. Majibu hatukupata.

Hatusemi kwamba Uganda haijafanya kitu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako watu wenye sonona walikutana katika vikundi kwa wiki 16 wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, kwa wale ambao hawakupata vikundi, asilimia 54.7. Mwaka 2006 Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walilinganisha mania ya kawaida na mania inayoletwa na VVU, wakaonyesha kwamba wagonjwa wa kundi la pili walikuwa na umri mkubwa zaidi, wengi wao wanawake, na uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka ulikuwa umeathirika zaidi. Daktari huyo huyo akaendelea na sonona kwa watu wenye VVU, na jaribio lake la tiba ya vikundi katika vituo vya afya 30 vya Kitgum, Gulu na Pader lilichapishwa mwaka 2020. Angalieni miaka iliyopita kati ya kazi hizo. Hivyo ndivyo elimu ya magonjwa haya inavyopatikana. Jules Angst wa Zürich aliwafuatilia wagonjwa waliolazwa kati ya 1959 na 1963 kwa zaidi ya miaka 30, na ni kwa ufuatiliaji wa namna hiyo tu dunia ilijua mara ngapi baipola hurudi.

Baipola huanza ujanani na hukaa na mtu mpaka uzeeni. Lakini karibu kila kitu kinachoizunguka hapa kwetu, kuanzia fedha na wafanyakazi hadi faili na vifaa vya maabara, kimewekwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Malalamiko yetu yote yanatoka hapo.

1. Lithiamu inatolewa bila kupimwa kwenye damu

Lithiamu kaboneti imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote katika kuzuia baipola isirudi, na inapunguza vifo vya kujiua. Tatizo ni kwamba nafasi kati ya kutibu na kudhuru ni finyu. Kwa kinga tunataka milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Kwenye mania kali tunaweza kufika 1.0, kuanzia 1.5 sumu huanza kuonekana, ikipita 2.0 maisha yako hatarini. Vidonge vitatu vya miligramu 300 kwa siku vinaweza kumfikisha mtu mmoja 0.5, na mwenzake mwenye figo dhaifu 1.4. Kwa macho hutawatofautisha, mpaka siku mmoja wao atakapoanza kuyumba, kuharisha na kuongea kama mlevi. Sumu ikikaa muda mrefu, kuyumba huko kunaweza kubaki hata baada ya dawa kusimamishwa.

Jambo hili si geni. John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake ya lithiamu mwaka 1949, na mgonjwa wake wa kwanza akafa kwa sumu ya dawa hiyo hiyo mwaka uliofuata. Noack na Trautner wa Melbourne wakachapisha kazi ya wagonjwa zaidi ya 100 mwaka 1951, na kupima damu kukaja kuwa sharti la matumizi ya lithiamu. Sisi tunafanya leo kwa kubahatisha kitu ambacho kilishapatiwa kipimo kabla Hospitali ya Butabika haijafunguliwa mwaka 1955.

Kipimo chenyewe hakina ugumu. Mgonjwa anameza dozi ya mwisho saa tatu usiku. Saa tatu asubuhi anakuwa kliniki, dozi ya asubuhi ikiwa bado mfukoni, na damu inavutwa saa 12 baada ya ile ya usiku. Kinafanyika siku 5 hadi 7 baada ya kuanza dawa au kubadili dozi, kila wiki mpaka kitulie, kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, halafu kila miezi 6 kwa aliye imara. Kreatinini (kipimo cha figo), homoni inayochochea tezi ya shingoni (TSH) na kalsiamu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6.

Kinapoharibika huharibikia mahali palepale. La kwanza ni chupa. Chupa nyingi za kifuniko cha kijani zina heparini ya lithiamu ndani yake, kwa hiyo mashine inasoma lithiamu ya chupa. Mtu asiyewahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kutoka na majibu ya sumu. Itumike ya kifuniko chekundu, basi. La pili ni saa: mgonjwa anatoka mbali kwa matatu, anakunywa chai na kidonge chake kabla ya safari, damu inavutwa saa nne baadaye, majibu yanakuja juu, dozi inapunguzwa, na baada ya muda mania inarudi. La tatu ni madirisha mengine ya hospitali hiyo hiyo. Kwenye maumivu ya mgongo anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Kwenye shinikizo la damu anapewa enalaprili au haidroklorotiazidi. Zote hizo zinaweza kupandisha lithiamu ndani ya siku au wiki chache. Malaria yenye kutapika hufanya hivyo hivyo, na kuharisha pia, maana mwili ukipungukiwa maji na chumvi figo hushikilia lithiamu. Parasetamoli ingetosha kwa mgongo ule, lakini aliyeandika hakuambiwa.

Dawa inapokatika ghalani mambo huwa mabaya zaidi. Lithiamu ikikatwa ghafla, mania inaweza kurudi ndani ya wiki chache, kwa nguvu. Kanuni ni kuipunguza kwa wiki 4 angalau, na miezi 3 ni bora. Mzunguko mmoja wa usambazaji ukipita bila lithiamu ni miezi 2 ya kukata ghafla kwa kliniki nzima.

Mtasema hatuna mashine. Hatuombi mashine kila wilaya. Seramu ikishatenganishwa, lithiamu ndani yake haiharibiki upesi: hukaa siku nzima kwenye joto la kawaida na wiki nzima kwenye friji ya nyuzi 4. Pikipiki zinazobeba sampuli za wingi wa virusi kutoka vituoni hadi hubu (maabara ya kukusanyia sampuli), na kutoka hubu hadi maabara ya taifa, tayari zinapita mlangoni kwetu. Chupa moja nyekundu kwenye boksi lile haimzidishii mwendeshaji uzito. Zikikusanywa sampuli za kanda nzima na kupimwa siku moja ya wiki, kisanduku cha vitendanishi cha vipimo 100 kitaisha kabla ya tarehe yake. Tunajua visanduku hivyo vimewahi kununuliwa vikaharibikia kabatini, na sababu ni hiyo hiyo: kila hospitali peke yake ina wagonjwa wachache wa lithiamu.

Mtasema pia kwamba lithiamu haitumiki sana, kwa hiyo kipimo si kipaumbele. Haitumiki kwa sababu kipimo hakipo. Daktari mwenye tahadhari hawezi kuandika dawa asiyoweza kuichunga.

2. Gharama ya kukosa kipimo imehamishiwa kwa wanawake

Pasipo kipimo cha lithiamu, kalamu inaangukia kwenye valproeti. Ni dawa nzuri kwa mania, ila si kwa msichana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemuuliza habari za uzazi. Katika kila watoto 10 waliopata valproeti tumboni, mmoja huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, uti wa mgongo ulio wazi ukiwa miongoni mwa kasoro hizo. Watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili yanayoonekana baadaye. Asidi ya foliki, hata ya miligramu 5, haiondoi hatari hiyo. Na mrija unaounda uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati akina mama wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu.

Kabamazepini si njia ya mkato. Inaharakisha ini kuvunja homoni za vijiti vya uzazi wa mpango, hivyo mwanamke anashika mimba huku kijiti kimo mkononi. Inashusha pia dolutegraviri, ambayo ndiyo msingi wa ARV hapa nchini. Anayetumia zote mbili anahitaji miligramu 50 nyingine za dolutegraviri saa 12 baada ya kidonge chake cha kila siku. Mara ngapi kliniki ya VVU na ya afya ya akili huandikiana barua juu ya hilo? Faili ni mbili, majengo ni mawili.

Hatuombi valproeti ipigwe marufuku, wala ikatwe ghafla kwa yeyote anayeitumia. Tunaomba fomu ya ukurasa mmoja kwa kila mwanamke anayeweza kuzaa: umri, kipimo cha mimba, njia ya uzazi wa mpango, maelezo aliyopewa, na kwa nini lithiamu, kwetiapini au olanzapini haikufaa.

3. Sonona inatafutwa, mania haiulizwi

Dodoso la PHQ-9 limeenea kwenye kliniki za VVU na kwenye miradi ya utafiti. Maswali 9, alama 0 hadi 27, na kwa kawaida alama 10 kwenda juu humfanya mtu achunguzwe kwa sonona. Linasaidia sana. Lakini hakuna swali hata moja ndani yake linalouliza kama mtu huyu aliwahi kupanda juu, na sonona ya baipola, ukiitazama siku hiyo tu, inafanana kabisa na sonona ya kawaida.

Matokeo yake tunayaona dirishani. Alama 17, amitriptilini (dawa ya sonona) ya miligramu 25 inaandikwa usiku, baadaye 75, bila dawa ya kutuliza hisia. Wiki chache mbele mgonjwa halali, ameuza mbuzi, anahubiri barabarani, na ndugu wanasema amerogwa. Dawa za kundi la amitriptilini ndizo zenye sifa mbaya zaidi kwa kumgeuza mgonjwa wa baipola namna hiyo, na ni hatari kwa moyo endapo mtu atameza nyingi kwa mkupuo.

Dakika tano zinatosha kuuliza: je, kumewahi kuwa na siku nne au zaidi mfululizo ambazo ulilala saa chache na hukuchoka? Ulisema au kutumia pesa kuliko kawaida yako mpaka watu wakashangaa? Kuna ndugu aliyewahi kulazwa kwa hali hiyo? Mairungi, pombe au dawa za steroidi zilikuwepo? Kwa ruhusa ya mgonjwa, aulizwe na anayeishi naye, kwa sababu mwenye mania huikumbuka kama kipindi kizuri. Kamati yoyote ya maadili inayopitisha utafiti wa sonona bila maswali hayo inaruhusu watu wa baipola wachanganywe humo, kisha tunashangaa kwa nini dawa "haikufanya kazi".

4. Mradi unaondoka na kila kitu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miradi ya utafiti ni kweli kabisa, maana mgeni akiondoka mwenyeji anarudi kuumwa. Mradi ukiwepo kuna nauli ya mgonjwa, kuna simu ya kumkumbusha, kuna kwetiapini. Mwezi fedha zinapokwisha wasaidizi wa utafiti wanatawanyika, kompyuta zinarudishwa, faili zinatiwa kwenye maboksi na maboksi yanawekwa stoo, ambako mchwa hawajali kama ni data.

Hatupingi utafiti wa vinasaba. Uganda ni moja ya nchi nne za Afrika zilizokusanya mate kwa ajili ya utafiti mkubwa wa NeuroGAP kuhusu skizofrenia na baipola yenye saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia), pamoja na Ethiopia, Kenya na Afrika Kusini, na kazi hiyo ilihitajika kwa kuwa data nyingi za vinasaba duniani zinatoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tunachosema ni hiki: ikiwezekana kusafirisha mate kuvuka bahari kwa nyaraka kamili, haishindikani kusafirisha damu hadi Kampala kwa pikipiki.

Kinachotakiwa kubaki baada ya kila mradi ni kidogo: rejista moja ya kliniki, isiyo ya mradi wowote, yenye tarehe ya kila kipindi cha mania au sonona, dawa na dozi, kiwango cha lithiamu, kreatinini, TSH, uzito, mimba, na sababu ya dawa kukatika. Safu tisa, mstari mmoja kwa kila hudhurio. Kwa miaka 20 rejista hiyo itawafaa watafiti wa Makerere na Mbarara kuliko dodoso la kurasa 40 linalojazwa mara moja.

5. Ridhaa

Mtu aliye kwenye mania hutia sahihi chochote, tena kwa furaha. Aliye kwenye sonona nzito hutia sahihi kwa sababu hajali tena litakalompata. Ridhaa iombwe akiwa ametulia, uelewa wake upimwe kwa maswali kumi ya UBACC (dodoso fupi la kupima uwezo wa kutoa ridhaa) au mfano wake, na aulizwe tena kila hali yake inapobadilika. Ndugu kumsukuma mkono si ridhaa.

Na lugha. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, ila Wakongomani walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, na Wanubi wa Bombo, bado wanasomewa fomu ya Kiingereza na mkalimani aliyeokotwa foleni. Fomu iliyokopwa Nairobi na kubadilishwa kichwa haitoshi. Ijaribiwe kwa wasomaji kumi wa hapa kabla ya kupelekwa kwenye kamati.

6. Muda wa daktari bingwa

Hili ni fupi. Daktari anasoma miaka mitatu ya ubingwa baada ya shahada ya kwanza, anarudi wodini, na kuanzia hapo utafiti ni kazi ya usiku. Siku mbili kwa wiki zilizoandikwa kwenye mkataba wake, na nafasi ya kudumu ya msaidizi mmoja wa rejista, zitamweka kazini nchini kwa miaka inayotosha kuona mgonjwa yule yule akirudi mara ya tatu.

Tunachoomba

Mtatuambia bajeti ya afya ya akili ni ndogo. Tunaijua, na ndiyo maana hakuna jengo wala gari kwenye orodha hii.

(a) Lithiamu iingizwe kwenye orodha ya sampuli zinazobebwa na mtandao wa hubu, na maabara moja ipangiwe siku ya kuipima kila wiki, majibu yakirudi kwa njia ile ile.

(b) Kila kliniki inayotoa lithiamu ipewe akiba ya miezi 4, na kadi ndogo ya mgonjwa inayotaja dawa za kuepuka na dalili za sumu.

(c) Fomu ya valproeti ianze kutumika, na wafamasia wapewe mamlaka ya kurudisha karatasi ya dawa isiyo na fomu.

(d) Kamati za maadili zikatae utafiti wa sonona usiochuja mania, na kila mradi wa baipola uoneshe kwenye bajeti yake nani atalipia dawa na rejista kwa miezi 24 baada ya kufungwa.

(e) Siku mbili za utafiti kwa madaktari bingwa wa hospitali za rufaa zianze na mwaka ujao wa fedha.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, yakitaja kwa kila ombi ofisi itakayohusika, tarehe ya kuanza na fungu la fedha. Palipokataliwa, itajwe sababu. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa kila kliniki ya afya ya akili, ili wagonjwa na ndugu zao waisome wenyewe. Kwa ombi la kwanza sisi tuko tayari: orodha ya wagonjwa wanaotumia lithiamu imeshaandaliwa, na tutatuma sampuli wiki ile ile chupa nyekundu na ratiba ya pikipiki zitakapotufikia.

Wenu katika kazi,

Matabibu, wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na wasaidizi wa utafiti wa kliniki za afya ya akili